Vidonge Tulivyochanganya

Pua ndiyo ilikuwa kazi yangu. Katika kiwanda cha chai upande wa Litein, nilisimamia chumba ambamo majani yaliyosagwa huachwa yachachuke. Saa ilikuwepo ukutani, lakini saa haijui kama jana kulinyesha. Majani huanza na harufu ya nyasi mbichi, halafu ghafla yananukia tunda lililoiva, na hapo unapaza sauti yatolewe yakakaushwe. Ukichelewa, chai imekufa.

Nikaanza kuchelewa. Sigara ishirini kwa siku, bwana, pua gani itabaki? Mara mbili ndani ya wiki moja chai ilitoka imepooza, haina ladha. Meneja hakunigombeza. Alisema tu, "Mzee, nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ikishindikana, utarudi kubeba kuni." Kuni! Mimi niliyetoka kwenye kuni miaka kumi na minne nyuma! Niliogopa kweli, na kwa woga nikaenda nikavuta nyingine.

Rafiki yangu wa kuvuta naye alikuwa mchochea moto wa boila, mtu wa Kisii aliyeingia kwetu kupitia Sotik. Sigara tuliikata katikati, nusu yake, nusu yangu. Hakuna aliyewahi kuwasha peke yake akiwa kazini. Yeye ndiye aliyesikia kwamba hospitali ya misheni inatafuta wavutaji. Kulikuwa na dawa ya zamani ya watu wenye huzuni nyingi, na sasa walitaka kuona kama inasaidia mtu kuacha sigara.

Sista alitueleza polepole. Wengine wangepewa dawa yenyewe, wengine vidonge vitupu vinavyofanana nayo, na hata yeye hakujua nani amepata nini. Kila mtu na chupa yake. Tukaitikia, ndiyo sista, ndiyo sista.

Tuliporudi kiwandani, kwenye rundo la kuni, mwenzangu akatazama chupa yake. "Na kama yako ni dawa, yangu ni unga?"

"Basi mmoja wetu ameibiwa," nikasema.

Tukamimina chupa zote mbili kwenye kopo la kakao, tukalitikisa vizuri, na kila asubuhi kila mtu akachukua chake bila kuangalia. Tulijiona wajanja sana.

Wiki ya tatu tulirudi hospitali, na mwenzangu akalitoa lile kopo na kusimulia habari zake kwa majivuno. Sista akaweka kalamu chini. Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaacha kucheka. "Wazee wangu, nimewapoteza wote wawili. Siwezi kuwaandika tena." Akachukua kopo.

Nilipandwa na hasira. "Utafiti ni wenu, sista, lakini pua ni yangu! Sasa nitafanya nini?"

"Hebu niambie, baba. Una siku ngapi hujavuta?"

Nikahesabu. Kumi na moja. Mwenzangu naye kumi na moja. Tulikuwa tumeacha siku ile ile, na kila mmoja alipotamani, mwenzake alikataa kukata naye.

"Basi endeleeni kunyimana hivyo hivyo," alisema.

Tulinyimana. Tuligombana kama wake wenza, tulitafuna mahindi ya kuchoma mpaka taya zikauma.

Mwisho wa mwezi ulifika na mvua ya baridi. Nilikuwa nimeinamia majani, saa ikisema bado dakika ishirini, nikasikia harufu ya tunda. Sikuamini. Nikainama tena. "Toeni!" nikapiga kelele. "Toeni sasa hivi!" Vijana wakatazama saa, wakanitazama, wakatoa.

Alasiri meneja alipanga vikombe vyake na kuanza kuonja. Yeye hufyonza kwa kijiko, huzungusha mdomoni, hutema kwenye ndoo, hata chai nzuri. Akafika kwenye yangu. Akafyonza, akazungusha, akanitazama.

Akameza.