Safari Isiyo na Sababu

Kwa miaka ishirini na miwili Léonce alikuwa dereva wa wataalamu wa mradi mmoja wa misitu, na katika miaka hiyo yote kulikuwa na jambo moja la wazungu wake ambalo hakulielewa. Hasira zao alizielewa. Mbwa kulala sebuleni alikuzoea, na hata chakula chao kisicho na chumvi alikila bila kununa. Lakini kila mwaka walimtaka awapeleke ziwa Kivu, wavuke hadi kisiwa cha Nkombo, wakae huko siku tatu kisha warudi. Kisiwani hawakuwa na shamba wala ndugu. Hakuna aliyeoa huko, hakuna aliyefiwa. Walijilaza mchangani, wakapanda kilima, wakawauliza wenyeji habari za majeshi ya wafalme wa zamani, basi. Na waliporudi nyuso zao zilikuwa kama za watu waliopona homa. Léonce alikuwa akiwangoja huku bara, ndani ya gari, akifuta vioo ambavyo alikuwa amekwisha kuvifuta.

Vita vilipoanza Oktoba 1990, wataalamu walipanda ndege wakaondoka, na Léonce akaambiwa akae nyumbani mpaka aitwe. Hakuitwa. Kufikia Februari alikuwa amekwisha kutengeneza milango yote ya nyumba yake pale kilimani Gisozi, pamoja na ile ambayo haikuwa na kasoro, na mkewe Gaudiose akawa anamtafutia kazi za nje ili naye apate nafasi ya kufagia. Mwanao Hirwa alikuwa Butare kikazi. Nyumba ilikuwa na watu wawili tu, wenye umri wa miaka hamsini na kitu, ambao hawakuwa wamewahi kukaa pamoja mchana kutwa tangu walipooana.

Ndipo wazo lile lilipomwingia. Alitaka aende Nkombo na mkewe, siku tatu, bila sababu. Gaudiose hakuwa amewahi kuliona ziwa Kivu. Maji mapana kuliko yote aliyoyajua yalikuwa ya mto Nyabarongo yakiwa yamefurika. Léonce alipomfikiria amesimama ukingoni mwa maji yasiyo na ng'ambo, alijikuta anatabasamu peke yake kama mchumba.

Alipanga safari kwa namna aliyoijua, yaani kama alivyowapangia wazungu, kwenye daftari, saa kwa saa. Siku ya kwanza, mchanga. Aliandika: "Saa tatu hadi saa tano, kukaa." Akautazama mstari huo kwa muda. Mtu anakaaje saa mbili mikono mitupu? Akaongeza pembeni kwamba wabebe maharage kidogo ya kuchambua. Siku ya pili, kupanda kilima, polepole, kwa sababu ya goti la Gaudiose. Siku ya tatu ilikuwa ya historia: angemtafuta mzee yeyote wa kisiwa awasimulie jinsi majeshi ya mwami, yaani mfalme, yalivyovuka maji kwa mitumbwi. Hilo alilitaka mwenyewe. Kila mara wazungu walikuwa wakilisikia, yeye akibaki na gari.

Léonce hakumwambia mkewe neno. Alitaka amwambie akiwa na karatasi ya njia mkononi, maana siku zile hakuna aliyetoka mkoa mmoja kwenda mwingine bila karatasi, na karatasi ilianzia kwa kiongozi wa seli, yaani wa kitongoji. Kiongozi wa seli yao alikuwa Bizimana, fundi cherehani, mtu mwaminifu kupita kiasi, mwenye kuamini kila aambiwalo, ambaye mhuri wa serikali aliuweka kwenye kopo moja na vifungo vya mashati.

Bizimana alimkaribisha vizuri, akaandika jina, akaandika Cyangugu, mkoa wa kile kisiwa, kisha akauliza sababu. Léonce akasema ni kutembea.

Bizimana akaiweka kalamu chini. "Mzee Léonce, kutembea haiko sababu. Iko kazi, iko ugonjwa, iko ndoa, iko kifo. Kutembea watu walitembea zamani."

Léonce akajaribu kusema kwamba ni kumtembelea shemeji yake Kayitesi, dada yake Gaudiose, aliyeolewa huko Cyangugu. Bizimana akasikitika kweli. Kutembelea ndugu nako kumesimamishwa. Hapo Léonce angeinuka, akashukuru, akaenda zake. Lakini daftari lilikuwa mfukoni, na mtu akishapanga saa zake za kukaa mchangani si rahisi kumrudisha kwenye milango mizima.

"Basi iko kifo," alisema.

"Cha nani?"

"Cha huyo shemeji."

Kayitesi ndiye mtu pekee waliyekuwa naye upande ule wa nchi. Ndiyo sababu alimchagua. Yuko mbali, hatasikia, na maneno hayajamuua mtu. Hivyo ndivyo alivyojituliza. Bizimana alivua kofia, akasimama, akampa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiushikilia wa kulia kwenye kiwiko, kama tunavyowapa wafiwa. Kisha akaketi, akaongeza jina la Gaudiose na kugonga mhuri. Léonce aliaibika, nisimsingizie. Aliaibika mpaka masikio yakamwaka. Lakini karatasi aliichukua.

Hapa ndipo ninapotaka kumshika mabega nimtikise. Pale Gisozi, kama kwenye vilima vyote, majirani wana chama cha ingobyi, yaani machela, cha kuwabeba wagonjwa na kuwasitiri wafiwa. Akifa mtu wa mtu, kiongozi wa seli hupeleka habari, na kabla jua halijazama watu wamekwisha kufika na kuni, mikeka na mtungi wa pombe ya mtama. Léonce alikuwa mwanachama kwa miaka kumi na mitano. Machela ile imemchubua bega. Na bado alishuka mjini kuulizia basi, akifurahi, akidhani habari ya kifo ingelala kimya kwenye daftari la Bizimana.

Alirudi saa kumi alasiri. Alianza kuona moshi, kisha mikeka, kisha wanawake wenye kanga mabegani wamekaa uani kwake bila kuzungumza. Mukasine, jirani yao mwenye umri mkubwa kuliko wote, alikuwa ameubeba mzigo wake wa kuni mwenyewe na bado anahema. Bizimana alikuwa akimimina pombe kwenye kibuyu. Léonce alielewa yote mara moja, na kitu cha kwanza alichokitafuta kwa macho ni jembe la mkewe. Halikuwapo. Gaudiose alikuwa bado shambani, bondeni.

Alikuwa na nafasi. Angeweza kusema wakati ule ule. Alifungua kinywa, Mukasine akamshika mkono na kumwambia pole, mwanangu, na ule mkono ulikuwa na joto la kweli, na Léonce akameza maneno yake. Alipopata nguvu ya kuyatapika, Gaudiose alikuwa tayari kwenye mlango wa ua, jembe begani, akiitazama mikeka.

Hakuuliza imekuwaje. Hakuuliza lini. Aliuliza jambo moja tu.

"Ni Kayitesi?"

Mwanamke mmoja akainamisha kichwa. Gaudiose aliliacha jembe likaanguka, akakaa chini pale pale mlangoni, na sauti iliyomtoka, Léonce hakuwa ameisikia hata siku walipomzika mama mkwe. Alimkimbilia, akapiga magoti mbele yake, akasema mbele ya watu wote kwamba hajafa. Ni yeye amedanganya. Alitaka karatasi. Alitaka wakaone ziwa.

Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma zaidi. Wanawake waliinuka, wakaanza kukunja mikeka taratibu, kila mmoja wake, bila kumtazama. Mukasine aliutazama mzigo wake wa kuni kama anayejiuliza ataubebaje tena. Bizimana akanyoosha mkono, na Léonce akampa karatasi.

Gaudiose alikuwa ameacha kulia. Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, na Léonce akasubiri hasira yake, kwa sababu ilikuwa haki yake na alikuwa tayari kuibeba. Lakini alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayetaka kweli kujibiwa.

"Papa Hirwa, umesema hajafa. Umejuaje?"

Léonce akasema kwamba yeye ndiye aliyelitunga jambo lile.

"Hilo nimelisikia. Mimi nauliza umejuaje kama yuko hai. Tangu Oktoba nimemwandikia barua tatu, hakuna jibu. Umezipeleka mwenyewe kwa dereva wa basi. Ile ya Noeli ulirudi ukaniambia barabara mbaya. Nilipoona mikeka sikushangaa. Miezi minne nimekuwa nikiingojea."

Léonce alizikumbuka barua zote tatu, bahasha zake za buluu, na jinsi alivyozisahau mara tu zilipotoka mkononi mwake. Miezi yote hiyo amekaa nyumbani mchana kutwa na mwanamke huyu, akipima milango, akipanga saa za kukaa naye mbele ya ziwa. Ile hofu hakuiona.

"Sijui," alisema.

Bizimana akampita Léonce, akaenda kuiweka karatasi mkononi mwa Gaudiose, akakunja vidole vyake juu yake.

"Iko tarehe ya Jumatatu," alimwambia. "Nenda mama, ukaone."

Wanawake walitazamana. Mukasine ndiye aliyeanza. Alikunjua mkeka wake, akaketi, akasogea kando kidogo, akapigapiga kwa kiganja mahali palipobaki ili Léonce naye aketi. Wengine nao wakakunjua. Léonce akakaa katikati yao, mikono mitupu, mpaka jua likazama.