Golikipa wa Pakiti ya Chai

Leo nimefungua bahasha ya kadi za zamani nilizoagiza kwa posta, na harufu ya majani makavu ya chai imenirudisha kwenye kibaraza chetu cha Sidab, mtaa wa Maskati.

Kadi hizo zilitiwa ndani ya pakiti za chai huko Unguja, kila moja na mchezaji wake. Baba alikuwa golikipa. Kwenye yake alisimama na mpira kwapani na kikombe mkononi. Alifariki nikiwa mchanga, na tulipohamia Maskati hatukuja na picha yake nyingine. Mama aliiweka kadi hiyo kashani. Nilijua ni baba, lakini kwangu alikuwa mtu wa tangazo tu.

Msichana wa jirani, hirimu yangu, alikuwa akikusanya timu nzima.

"Nnapungukiwa golikipa," alisema. "Nipe huyo mkongwe wako, nnakupa nyota wa sinema. Mtazame miwani yake!"

"Wangu kachakaa, lakini."

"Basi wamng'ang'ania wa nini?"

Tukabadilishana.

Jioni Mama alifungua kasha. Hakunipiga. Aliuliza tu, "Umempa nani, mwanangu?"

Nilikimbia kwa jirani. Kadi alishampa binamu yake, na huko ikapotea.

Tangu hapo nimekusanya mabeki, mawinga, hata wachezaji wa akiba wa timu ile. Golikipa hayumo, wala kwenye bahasha hii. Mama, mzee sasa, ataniuliza tena kesho kama nimempata.

Nyota wa sinema bado ninaye: miwani myeusi, masharubu membamba, kovu juu ya nyusi. Uso wa baba siukumbuki.