Kijidudu cha Dada Mkubwa

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sikudumu mahali. Miaka ya tisini nilikuwa Garissa, dereva wa zahanati moja ya binafsi. Kilichonizuia kuhama mapema ni mama mmoja wa mtaa wa Iftin na binti zake wawili.

Wote wawili walizaliwa na ugonjwa wa kurithi ambao wengi wetu hatukuwa tumeusikia: makohozi mazito kama gundi, na jasho la chumvi kali hata mama akiwabusu anaionja. Mkubwa alikuwa na kijidudu sugu kifuani. Mdogo naye alipopatikana nacho, daktari alihofia kwamba ameambukizwa na dada yake. Baba mkubwa wa watoto akaamua mdogo apelekwe Tarbaj, mbali kaskazini, akaishi na habaryar, dada wa mama.

"Tarbaj iko ngamia," mama alisema. "Daktari iko?"

Akataka uhakika kwanza. Daktari akamwambia Nairobi kuna maabara inayoweza kuonyesha kama vijidudu viwili ni vya ukoo mmoja. Nikatumwa kuchukua makohozi ya watoto. Nilimkuta mama akisuuza kikombe cha mashine ya kuvutia dawa kwa maji ya birika la udhu. Nikamuuliza kwa nini hayo.

"Waryaa! Hii maji naosha uso mbele ya Mungu. Wewe naona chafu?"

"Sijasema chafu, mama. Nauliza tu."

"Kila siku nauliza tu. Kama bolisi!" Lakini akanijazia kichupa cha maji hayo. Daktari aliposikia, alikitia pamoja na makohozi kwenye sanduku la barafu.

Kule maabara sikukubali kuondoka bila kuelezwa. Fundi alisema wanakata vinasaba vya kijidudu vipande vipande, kisha umeme unavivuta ndani ya jeli. Vidogo hukimbia mbele, vikubwa hubaki nyuma, na inatokea mistari.

"Kama chapa ya ngamia?" nikauliza.

"Karibu. Ila hii kijidudu huzaliwa nayo."

Niliporudi kuchukua majibu, nilipewa picha. Mistari ya dada mkubwa ilikuwa tofauti. Ya mdogo na ya birika ililingana, mstari kwa mstari. Kijidudu hiki hupenda maji yaliyolala, na mashine ilikuwa imempulizia mtoto kifuani.

Mama aliitazama picha. "Basi ni mimi," alisema. Hakulia.

Daktari alimwonya kwamba watoto bado wanaweza kuambukizana; waking'ang'ania nyumba moja, lazima watengwe ndani yake. Baba mkubwa akaona hapo pa kurudia habari ya safari.

"Adeer, na heshima yako," mama alimjibu, "mtoto haendi."

Siku hiyo hiyo alitundika pazia katikati ya chumba, akanunua mashine ya pili, akatenga vikombe, blanketi na mikeka. Mdogo akalalamika kwamba upande wake hauna dirisha.

"Lalamika," mama akamwambia, akiinjika maji ya kuchemsha. "Lalamika hapa hapa, nikusikie."