Ukurasa wa Mikopo wa Simioni Wangwe

Simioni Wangwe alianza kujua mambo ya mikopo akiwa karani wa mizani kwenye chama cha kahawa, huku vilimani Tarime. Wakulima walimletea fomu awasomee, naye alisoma hata yale maandishi madogo ya nyuma ambayo makarani wengine waliyaruka. Kila mkopo aliugeuza kuwa madebe ya mahindi.

"Baiskeli hii ukilipa leo ni madebe thelathini," alikuwa akisema. "Ukilipa kidogo kidogo ni arobaini na mawili. Hayo kumi na mawili watoto watakula nini?"

Vyama vya ushirika vilipovunjwa mwaka 1976, alichukuliwa kuwa mhariri wa gazeti dogo la watu waliotoka madarasa ya kisomo cha watu wazima. Ofisi ilikuwa chumba kimoja pale Bomani. Mimi nilichapa stensili na kuzungusha mashine. Ukurasa wa tatu ulikuwa wake. Watu waliuliza habari za mikopo, naye akawajibu. Wapo waliotembea kutoka Nkende kuja kuuliza kama gazeti limetoka.

Mwaka uliofuata ilikuja barua ya mama mmoja, Bhoke, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Mumewe Nashoni alitaka kukopa mabati na redio, na kuweka dhamana ng'ombe wanane. Hao walikuwa mahari ya binti yao Agustina, aliyekuwa ameshaolewa. Bhoke aliuliza, je, mumewe anaweza?

Kwetu ng'ombe wa mahari hawaguswi hivi hivi. Ni wa nyumba ya mama yake binti. Kaka yake huoa kwa hao, na binti akishindwa kule alikoolewa, hao ndio hurudishwa ili awe huru. Wangwe ni Mkurya, aliyajua hayo kabla hajaona fomu yoyote. Aliandika jibu la sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba kwa masharti ya mkopo, mwenye boma anaweza kuweka dhamana ng'ombe wa bomani mwake. Ya pili ilisema waliokuja kwa binti wasiwekwe, maana wakiondoka binti hana njia ya kurudi nyumbani.

Lakini ukurasa ulijaa, na tangazo la mtihani wa kisomo lilikuwa lazima litoke. Wangwe akachukua kalamu nyekundu, akaikata ile ya pili.

"Hii kila Mkurya anaijua," akaniambia. "Chapa."

Nikachapa.

Nashoni alilikunja gazeti akaenda nalo dukani kwa Lukmani, muuza mabati. Lukmani alitusimulia baadaye.

"Nilimuuliza, mzee, hawa si ng'ombe wa binti? Akanicheka. Wewe Lukmani umekuja juzi kutoka pwani, leo unifundishe Ukurya? Akanifungulia gazeti. Wangwe mwenyewe amesema naweza! Basi nikamwandikia mkataba."

Malipo ya kahawa yalichelewa. Siku ya kulipa ikafika, ng'ombe wakachukuliwa wote wanane. Miezi minne baadaye Agustina alirudi kwa mama yake, jicho limevimba, mkono hauinuki. Baba mkwe wake akamfuata, akidai binti au ng'ombe.

Wangwe aliposikia hakula mchana ule. Alichukua ng'ombe wake wawili na ndama, tukawaswaga hadi kwa Bhoke.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe Wangwe, dada zako waliolewa kwa karatasi?"

"Kwa ng'ombe, mama."

"Basi ulijua."

"Nilijua. Niliandika, kisha nikakata."

"Kwa nini?"

"Nafasi haikutosha."

"Nafasi," Bhoke alisema.

Baba mkwe aliwazunguka wale ng'ombe. "Mimi nilitoa wanane. Hawa ni wawili na mtoto wao. Sasa niwaachie binti robo, nirudi na robo tatu?"

Nashoni alitazama chini. Agustina alijifunga kanga, akatangulia njiani bila kuagwa.

Tangu hapo Wangwe alichapisha barua moja tu kila toleo, na jibu lake lote. Baiskeli yake aliiuza. Ilimchukua miaka mitatu kufikisha ng'ombe wanane. Siku alipowapeleka, Bhoke alituma mtu kwa wakwe kumwita binti yake. Agustina alikuja na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Aliwatazama wale ng'ombe.

"Wazuri, baba," akamwambia Wangwe. "Ungewaleta mwaka ule. Hawa watoto ni wa ukoo wa kule. Nikitoka sasa, natoka peke yangu."

"Kaa hata leo tu," Wangwe alisema.

"Nani atawapikia kule?"

Alikunywa uji kwa mama yake, akaondoka kabla jua halijazama. Wangwe aliwaacha ng'ombe pale kwa Bhoke. Hakuna aliyemshukuru, naye hakungoja kushukuriwa.