Aproni ya Manjano

Nilificha kwa miezi mingi, bila kupepesa macho, kwamba ile programu iliyokuwa ikikataa majani ya chai kwenye kituo chetu cha kununulia niliiandika mimi.

Meneja wa kiwanda alitaka picha ya simu iamue kama majani ni machanga au yamekomaa. Nilisomea takwimu chuo kikuu kabla sijaanza kuishi kwa kuandika makala, nikajiona bado ni moto. Programu yangu ilikata mstatili katikati ya picha, ikahesabu rangi zilizomo. Manjano ikizidi, majani yanakataliwa.

Ya mama yalikataliwa mara tatu katika wiki moja. Alichuma majani mawili na chipukizi, kama alivyonifundisha, na bado yakamwagwa kando ya barabara. Wanawake kituoni wakamlaani aliyeiandika.

"Huyo hajawahi kubeba kapu!" mmoja alisema, akanigeukia. "Ama namna gani, msomi?"

Nikalaani pamoja nao, tena kwa ufasaha.

Mara ya nne nilisimama nyuma ya karani wa kituo, mwenye simu ya kupigia picha, nione. "Mama, liinue kidogo lionekane," akamwambia. Mama akaliegemeza kapu tumboni, karani akapiga picha. Simu ikakataa.

Nikaiomba picha hiyo, nikaifungua nyumbani kwenye kompyuta. Nusu ya mstatili ilikuwa majani. Nusu nyingine ilikuwa aproni ya plastiki ya manjano, anayoivaa umande usimloweshe. Programu ilihesabu nguo ya mama kuwa majani yaliyozeeka. Wenye aproni za bluu walikuwa wakipita tu. Nami sikuwahi kuijaribu kituoni. Niliijaribu mezani kwangu, majani yametandazwa juu ya kitambaa cheupe. Hasira ilinipanda hadi kwenye meno: kwa karani, kwa meneja, na zaidi kwangu mimi, yule mwanamke wa kitambaa cheupe.

Nikampigia meneja, nikamweleza.

"Madam, andika barua. Tutaijadili mwezi ujao."

"Na mpaka huo mwezi mama amwage barabarani? Kesho nitakuja kituoni na kompyuta. Nitawaonyesha wakulima kosa liko wapi, na aliyelifanya ni nani."

"Utajiaibisha."

"Hiyo niachie mimi."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Sawa. Ya mama yako karani atayakagua kwa macho."

"Ya wote."

"Madam..."

"Ya wote."

"Haya, ya wote," akasema, akakata simu.