Wifi Yangu na Ngumi ya Kwao

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni msusi. Kibanda chake kina viti viwili na kioo chenye ufa, na mdomo wake haupumziki hata vidole vikiwa ndani ya nywele za mtu. Ni mfupi, uso duara, vidole vifupi vinene. Wateja humwita Kibonge mbele yake, naye huitika.

Kwao wana alama. Mtu mwingine akikunja ngumi, vifundo vinne vinatokeza. Wao, pale kwenye kidole cha pete pana kishimo. Marehemu baba mkwe alikuwa nacho, mume wangu anacho. Nilipoolewa, wifi alinikunjisha ngumi akacheka: "Wewe wa kuja, wifi, kwako kumejaa kote!" Mwanawe wa pekee alipofika miaka minane kishimo kikaonekana, akamzungusha kibandani kila mteja akione.

Mtoto huyo ndiye aliyeanza kukakamaa vidole darasani. Mwalimu akasema hataki kuandika, wifi akamchapa. Wiki iliyofuata akaanguka kwenye mstari wa asubuhi, anatetemeka mwili mzima. Tukampeleka hospitali, mimi nimebeba mkoba.

Daktari alimgonga kidogo shavuni, mbele ya sikio. Mdomo ukaruka upande mmoja.

"Anamtekenya," wifi alininong'oneza.

Daktari akamwambia mtoto akunje ngumi. Hapo wifi naye akatoa yake, kifua mbele.

"Huo muhuri wetu, daktari. Huyu hata akipotea sokoni nitarudishiwa."

Daktari hakucheka. Alizishika ngumi zote mbili, akazitazama moja baada ya nyingine.

Kisha akamfunga mtoto mkononi ule mkanda wa kupimia presha, akaujaza upepo, akauacha. Dakika ya kwanza, kimya. Ya pili, kidole gumba kikaingia kiganjani, vingine vikanyooka vikagandana, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole mkono mgumu kama mti.

"Mama, unauma."

Wifi akaurukia, akavichambua vidole kimoja kimoja kama anayefumua nywele. Havikufumuka.

"Mwache, mama. Nikitoa upepo utafunguka wenyewe."

Mikono iliyosuka nusu ya mtaa ikabaki inaning'inia tu.

Majibu ya damu yalipotoka tukaitwa tena. Daktari alieleza taratibu. Kuna homoni inayouambia mwili utunze kalsiamu. Ya mtoto ipo, tena tele, ila mwili wake hauisikii. Kalsiamu ikishuka, misuli inakakamaa. Hitilafu hiyo wifi aliirithi kwa baba yake, ikaishia kwenye umbo: ufupi, uso duara, kishimo. Mtoto amerithi kwa mama, imeingia mpaka ndani.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si kosa lako, mama."

"Sijauliza kosa, daktari. Kama nimempa mimi, siwezi kuichukua tena?"

Daktari aliitazama kalamu yake. Mimi nilimtazama mtoto, anachora kwa kidole kwenye vumbi la dirisha.

Nje, kwenye benchi, wifi akanipa karatasi ya dawa nimsomee, na yeye kasoma kunizidi. Nikasoma: kalsiamu, mara tatu kwa siku. Vitamini, kila siku.

"Mpaka lini?"

"Hawajaandika, wifi."

Akaichukua, akaigeuza upande wa pili. Kulikuwa kweupe.