Mguu wa Breki

Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha udereva akiwa kwenye kiti cha abiria, mguu wa kulia umeinuliwa kidogo juu ya breki ya pili, ile ya mwalimu. Mwanafunzi aliyetetemeka, yeye alimtania: "Wewe shika usukani, roho yako nimeishika mimi."

Mguu huo uliharibiwa na sindano. Siku hiyo alikuwa na homa, akapita zahanati ya jirani. Kwa kuwa mwanafunzi alimsubiri garini, hakutaka kulala kitandani. Alishusha suruali nusu, akachomwa wima. Kitu kama umeme kilimshuka kutoka takoni hadi kwenye kidole gumba. Alipopiga ukelele, mchomaji alicheka, akamwuliza kama mwanamume mzima naye huogopa sindano. Jioni ile alifika nyumbani ncha ya kiatu ikiburuzika sakafuni.

Zahanati ilimwambia ni ganzi tu, itaisha. Mwezi wa tatu tangu sindano ile alikwenda hospitali kubwa, akapewa vidonge na tarehe ya kurudi. Akarudi, akapewa tarehe nyingine. Hakuna aliyetamka neno upasuaji. Mkewe alimkanda kwa maji ya moto hadi siku moja ngozi ya wayo ikababuka, na mwenyewe hakusikia kitu. Mwenye shule ya udereva alikuwa muungwana: alimhamishia darasani, afundishe alama za barabarani, gari lake likimngoja apone.

Mwezi wa kumi na sita ndipo alipofikishwa kwa daktari mpasuaji wa neva. Huyo hakumficha. Angefungua, aondoe makovu yaliyoibana neva iliyojeruhiwa na sindano, kisha aijaribu kwa umeme. Ikipitisha, angeiacha. Isipopitisha, angekata kipande kilichokufa na kuziba pengo kwa neva nyembamba ya nyuma ya mguu. Baada ya hapo neva huota polepole, kama milimita moja kwa siku.

Mwalimu Breki alijipima kwa shubiri, kutoka takoni hadi chini ya goti.

"Siku mia tano," alisema. "Na misuli itanisubiri?"

"Misuli iliyokosa neva hunyauka. Mwaka, mwaka na nusu, basi. Kwa kweli nitakupunguzia maumivu. Mengine siwezi kukuahidi." Daktari akaangalia faili. "Ungekuja mwezi wa tatu, mzee wangu."

"Mwezi wa tatu nilikuja. Nilikuwa hapo chini kwenye benchi, nimeshika karatasi yenu."

Daktari alifunga faili, akampangia siku ya upasuaji.

Alipasuliwa Jumanne. Neva haikupitisha chochote, ikakatwa, ikaungwa. Keshoye mkewe alikuja na nguo safi, akaanza kumhesabia watu waliopona mambo makubwa kuliko hilo. Mwalimu alimwacha amalize.

"Mama watoto, ukitoka hapa pitia kwa mwenye shule. Mwambie lile gari ampe mwalimu mwingine."

"Baba watoto, daktari hakusema haiwezekani."

"Hakusema. Ila mimi najua breki iliyochelewa inavyoua. Siwezi kukaa pale na mguu wa kubahatisha, nikaue mtoto wa watu."

Mkewe alikunja kanga yake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nimwambie akusubiri mpaka lini?"

"Mwambie asinisubiri."

Kengele ya kuondoa wageni ikalia. Alijifunga kanga, akaenda.